Anayekanyaga Pedali

Jua lilikuwa linazama Dufie alipomleta fundi Fosu nyumbani, huku amembeba mwanawe Bediako mgongoni. Uani kulikuwa na pikapu kuukuu ya marehemu mumewe, Asiedu. Gari hilo lilikuwa limesimama pale tangu siku ya mazishi, mwaka mzima. Siku hiyo madereva wote wa mji wa Mampong walifunga vitambaa vyekundu kwenye magari yao wakampigia mwenzao honi hadi makaburini. Gari la Asiedu peke yake lilikataa kuwaka.

Sasa Dufie alitaka liwake, apate dereva wa kumpelekea sokoni kenkey zake, madonge ya mahindi aliyopika kuuza.

"Siku hizi linanuka petroli mpaka chumbani, shemeji," alisema.

"Gari zee ni kama mke wangu," Fosu alitania, akiweka chini betri aliyokuja nayo. Ilikuwa karakanani kwake mwaka mzima. "Bila kubembelezwa, haamki."

Alifungua boneti, akachomoa plagi. Nyeusi. Imelowa chapachapa. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa.

Kicheko kikamkauka.

"Nani anakaa humu ndani?"

"Hakuna mtu."

"Yupo. Anavuta choki yote, kama mtu anayewasha injini baridi, anakanyaga pedali ya mafuta. Kila akikanyaga, kabureta inamwaga petroli. Imeshuka mpaka kwenye oili. Hii ni kazi ya siku nyingi, shemeji."

"Lakini betri ulikuwa nayo wewe..."

"Ndiyo maana nauliza."

Dufie alichungulia ndani. Kishikio cha choki kilikuwa kimevutwa hadi mwisho. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekirudisha kwa mkono wake.

Fosu aliinamia injini. Alikausha plagi, akasafisha kabureta, akamwaga oili na kutia nyingine. Giza likaanza kuingia. Alipoinua betri aifunge, Dufie akakumbuka jambo.

"Shemeji... mikono ya mtoto. Kila asubuhi inanuka petroli. Naiosha, nikidhani anachezea matope ya hapa chini ya gari."

Fosu alijifuta viganja kwa shati lake safi kabla ya kumshika mtoto. Akavinusa vidole vile vidogo.

"Bediako, baba, unachezea gari?"

"Mimi navuta tu," mtoto alinong'ona. "Baba ndiye anakanyaga. Anasema likiwaka, tunaondoka."

"Usifunge hiyo betri!" Dufie alipiga kelele.

Fosu aliirudisha chini. Miguuni pake. Wote wawili waliiona pale.

Ndani ya gari, choki ikavutwa. *Krrr.*

Kisha pedali. *Kwichi... kwichi... kwichi...* Mara tatu, kama Asiedu alivyozoea.

Injini ikawaka.

Ikanguruma laini, kama gari jipya. Harufu ya petroli ikawakaba koo. Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe, taratibu. Mgongoni, Bediako akaanza kujinyonga atoke kwenye kitenge.

"Baba! Nakuja!"

"Honi," Fosu alinong'ona. "Shemeji, siku ya mazishi gari lake lenyewe halikumpigia honi..."

Dufie alivua kilemba chake chekundu. Kwa mkono mmoja alimbana mwanawe, kwa mwingine akakifunga kwenye kioo cha pembeni. Akaingiza mkono dirishani, akabonyeza honi. Akaibonyeza kwa muda mrefu, machozi yakimtoka.

"Nenda, Asiedu. Nenda salama. Mtoto niachie."

Injini ikakohoa.

Kimya.

Fosu hakwenda kwake. Alilala barazani, mgongo akiuegemeza kwenye mlango wao, na hakutaka hata kuulizwa kwa nini.

Alfajiri Dufie alinusa mikono ya Bediako. Ilinuka sabuni na uji. Akaibusu kidole kwa kidole. Akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha akashusha miguu kitandani. Wayo wa kulia ukamuuma.

Akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Katikati kulikuwa na mistari minne iliyonyooka, myekundu, imezama ndani ya nyama... mistari ya mpira wa pedali.

Dufie hakuwahi kujifunza kuendesha gari.

Na kitandani kulikuwa kunanuka petroli.