Mluzi Ulioitikiwa

Siku ile walikuwepo Pesamino, fundi wa kompyuta, mkewe Filoi, binti yao Pualele, mtoto wa miaka sita asiyenyamaza hata akila, na Salamo, mama mjane wa kijiji cha jirani, aliyekuja na kompyuta ya mwanawe Ioapo ameizungushia shuka kama mtoto mchanga.

Bahari ilikuwa imemchukua Ioapo mwaka uliopita, na mwili haukupatikana.

"Nyimbo zake zimo humu," Salamo alisema. "Nikiisikia sauti yake mara moja tu, mwanangu, nitashukuru."

Pesamino alikuwa ameshaijaribu diski kwenye kompyuta nyingine, ikakataa. Ilikuwa na kufuli, na ufunguo wake umo ndani ya mazabodi ile ile, ule ubao wa kijani unaobeba kila kitu. Mazabodi isipowaka, sauti ya Ioapo imepotea.

Akaitoa kwenye kasha, akailaza juu ya boksi la katoni. Alisugua vijiti vya kumbukumbu kwa kifutio cha mtoto, akabadilisha ile betri ya duara, akaunganisha diski, skrini na spika ndogo inayotaja ugonjwa kwa milio. Filoi alimletea Salamo kakao ya moto, akamwekea mto mgongoni bila kuombwa. Pualele alikuwa anaihoji bisibisi.

"Wewe mtoto, mdomo hauchoki?" baba yake akamtania.

"Baba, kompyuta ikipona itajua jina langu?"

"Itajua. Hata mjini Apia wanalijua, kwa makelele yako."

Kombe kubwa la baharini likapulizwa kijijini. Ilikuwa saa ya sala ya jioni. Kila mtu aliingia ndani, barabara ikawa tupu. Filoi akakunja miguu mkekani.

"Baba Pualele, acha kwanza."

"Mara moja tu. Mama wa watu anasafiri keshokutwa kwenda ng'ambo."

Alisema hivyo kwa huruma, si kwa kiburi. Akagusisha ncha ya bisibisi kwenye pini mbili. Feni ikazunguka. Spika ikalia mlio mrefu, kisha miwili mifupi, na vyote vikazima.

Kutoka kwenye mishelisheli nje, kitu kikajibu: mluzi mrefu, kisha miwili mifupi.

"Ni ndege tu," Pesamino alisema. "Wanaiga kila kitu."

"Ndege wameshalala," Filoi alinong'ona. "Na hakuna apigaye mluzi giza likiingia. Usiwashe tena, nakuomba."

Pesamino alihamisha kijiti kwenye tundu jingine, akawasha. Safari hii jibu lilitoka kwenye tangi la maji. Salamo akaweka kikombe chini.

"Ni yeye. Ndivyo alivyonipigia mluzi akirudi, nimpakulie chakula. Washa, mwanangu! Washa!"

Pesamino akawasha, na kabla mlio haujaisha harufu ya maji ya chumvi na maua yaliyooza ikaingia katika nyumba ile isiyo na kuta, mapazia ya makuti yakapeperuka na huku hakuna upepo, na ule mluzi ukafika ukingoni mwa mkeka, karibu kabisa, mwembamba, wa kuomba, kama wa mtu aliyesimama mlangoni muda mrefu akiwa amelowa na hakuna anayemwambia karibu. Filoi aliuchomoa waya wa umeme kwenye soketi ya nguzoni kwa mikono miwili.

"Mama, anaita sana," Pualele alisema kwa sauti ya chini. "Mbona hatumwitikii?"

Filoi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba aitwaye huitika. Aliruka kumziba mdomo, lakini mtoto alikwisha kukunja midomo yake. Akapiga mluzi mmoja, mfupi.

Mazabodi, bila umeme, ikajibu kwa mlio mmoja mfupi. Ndio mlio wa uzima. Skrini ikawaka, na Ioapo akaanza kuimba.

Salamo aliikumbatia skrini akilia. Pesamino naye machozi yalimtoka. Filoi peke yake ndiye aliyegundua kuwa Pualele amenyamaza.

Asubuhi aliletwa mganga, mama mmoja aitwaye Faamanu. Alinusa nywele za mtoto, kisha akamgeukia Salamo.

"Mwanao ulimtandazia kitambaa ufukweni?"

"Sikumtandazia. Kutandaza ni kukubali kwamba amekufa."

"Basi ulimwacha hana pa kulala."

Walikwenda ufukweni, wakatandaza kitambaa cha gome la mti, wakamwita Ioapo kwa jina. Sisimizi mmoja akapanda juu ya kitambaa; ndiyo roho iliyoitika, Faamanu alisema. Wakamkunja humo taratibu, wakamzika kama mtu anavyozikwa. Harufu ya chumvi ikatoweka.

"Na sauti ya mwanangu?" Filoi aliuliza.

Faamanu akamwekea mtoto kiganja kichwani. "Ioapo ameondoka, mama. Lakini aliitikiwa. Alichopewa amekwenda nacho."

Jioni Salamo alikuja kupiga magoti mbele ya nyumba yao, amejifunika mkeka mzuri kichwani, akiomba radhi. Filoi alitoka akamfunua, akamwinua, kwa kuwa ndiyo desturi, na kwa kuwa yeye naye ni mama. Lakini hakumtazama usoni.

Salamo alihamia Auckland na kompyuta yake. Pualele sasa yuko darasa la pili. Mwalimu akiita jina lake, huitikia kwa mluzi mmoja, mfupi.