Nguzo Zisizogusa Udongo

Kila asubuhi, kabla ya kukoka moto, Kache alizunguka nyuma ya kibanda cha mavyaa wake na kutazama ufa wa ukutani. Ufa ulianzia chini, ukapanda mpaka karibu na makuti. Juzi kidole chake hakikuingia. Leo kiliingia. Akakichomoa haraka.

Mavyaa wake alikuwa ameshaamka. Wajukuu walimwita Hawe, yaani bibi, na kijiji kizima cha Jilore kikafuata. Miguu ilikuwa imemshinda siku nyingi. Haendi hatua bila ya kushikwa mkono.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka, sijafa. Uji uko wapi?"

"Unakuja. Lakini mama, njoo ulale kwetu. Ukuta huu unanitia hofu."

"Ebo! Nilale chumba kimoja na mwanangu na mkewe? Heshima iko wapi? Nitangoja nyumba yangu papa hapa."

Kache akaenda kukoka moto. Kwao mama halali chumba cha mwanawe aliyeoa, na Hawe si mtu wa kuvunjiwa desturi. Lakini mawingu yalikuwa yanakusanyika kila alasiri. Masika yakianza kabla ya nyumba mpya kwisha, nani atamtoa bibi huyu ukuta ukianguka?

Nyumba aliyokuwa akijengewa Hawe ilikuwa ndogo, ya mbao, vyumba viwili. Stima haijafika upande wao, wala maji ya bomba. Kwa hivyo Ziro, mume wa Kache, alikusudia kuweka paneli ya sola na tangi la maji ya mvua. Nguzo za mvinje alikuwa ameshazisimamisha. Alizichimbia ardhini, kama alivyofanya baba yake, na boriti za paa zikakaa juu yake. Ilipendeza, haki ya Mungu.

Siku hiyo Kache alikwenda kufagia takataka za mbao. Kwenye nguzo ya pembeni akaona mstari mwembamba wa udongo ukipanda. Akaukwangua kwa kucha. Mchwa wakatawanyika! Akachukua kisu akachoma nguzo chini. Kisu kikazama kama kwenye papai bivu.

Akatupa kisu, akaita.

"Ziro! Njoo uone!"

Ziro alikuja, akatazama, akakunja uso. "Nilipaka oili chafu ya magari. Watakufa tu."

"Hawajafa. Wanakula."

"Baba yangu alichimbia nguzo zake, na nyumba ikadumu mpaka akazeeka! Wewe unanifundisha kujenga?"

Kache alimjua mumewe; akiogopa hufoka. Akajifunga leso akaenda sokoni kwa Mumbua, mama seremala anayeuza vitanda na milango. Mumbua aliacha randa yake wakaja pamoja.

"Hodi, bwana Ziro," akasema. "Nimeambiwa una wageni wasioalikwa."

Ziro hakucheka. Mumbua akagonga nguzo moja moja kwa nyundo. Nyingine zililia vizuri. Nne zilitoa sauti ya debe tupu.

"Baba yako alitumia miti gani?" akauliza.

"Mbambakofi. Mikone."

"Miti migumu, iliyokomaa. Mchwa aliiona akapita. Mvinje huu ni mchanga, bwanangu. Ukiuchimbia ardhini, umemwandalia mchwa mahamri. Tena udongo una unyevu, na unyevu unaozesha mti. Na hiyo oili chafu haidumu. Mvua ikinyesha itaingia ardhini na kuharibu maji. Usipake tena."

Ziro akakaa juu ya gogo. "Kwa hivyo nibomoe? Mvua iko mlangoni, na mama yangu yuko pale kwenye kile kibanda."

Kache akamwonea huruma. Kumbe naye halali kwa mawazo.

"Nani amesema ubomoe?" Mumbua akasema. "Nguzo zimeliwa miguu tu. Tunaegemeza boriti kwa miega ya miti mingine, tunakata kila nguzo sehemu iliyooza, mpaka tufike kwenye mti mzima. Chini yake tunajenga kiguzo cha saruji, kitokeze juu ya ardhi. Urefu uliokatwa, saruji inaurudisha."

"Upepo hautaing'oa nyumba?" Ziro akauliza.

"Tunazika chuma ndani ya saruji, tunakifunga kwenye nguzo kwa bolti. Na katikati, kati ya saruji na mti, tunaweka kofia ya bati, kingo zake zikiinamia chini."

"Bati linaua mchwa?" Kache akauliza.

"Haliui. Linamzuia kupanda kwa siri. Akitaka kupita itabidi ajenge njia yake nje, kwenye mwanga, nawe umwone umfagie. Ndiyo maana nataka sakafu iinuke, uweze kuchungulia chini. Usirundike kuni wala mchanga hapo."

Kazi ikaanza siku ile ile. Msumeno ulipopita kwenye nguzo ya kwanza, boriti zote zikalia kwaa! Kache akafumba macho. Miega ikashika. Nguzo zile nne, na nyingine zote, zikakaa juu ya saruji. Mabati ya paa yakafuata, yakatokeza nje sana ili mvua isipige mbao. Gata ya kukinga maji ya mvua ikafungwa kuelekea kwenye tangi. Paneli Ziro alitaka kuiweka upande wa mkorosho, Mumbua akamkatalia: kivuli kinainyima sola nguvu. Ikawekwa penye jua kutwa.

Mlango haujafungwa bado, alasiri moja upepo ukavuma na kiza kikatanda. Kache alitupa jembe akakimbia kibandani.

"Mama, twende!"

"Nyumba haina mlango. Nitalala wazi kama mbuzi?"

Tone la kwanza likapiga makuti. Ufa ulimwaga vumbi. Kache hajapata kumpandishia sauti mavyaa wake tangu aolewe. Siku hiyo alipandisha.

"Mama, utanisamehe baadaye!"

Akamwinamia, akambeba mgongoni, bibi akipiga kelele kwamba mkamwanawe amepata wazimu. Walikuwa ndiyo kwanza wamekaa kwenye sakafu ya mbao ya nyumba mpya, wote wawili wanahema, mvua ilipomwagika. Kisha wakasikia kishindo. Ukuta wa kibanda ulilala chini kwa upande wa kitanda, na makuti yakaufunika.

Mkono wa Hawe uliutafuta wa Kache, ukaushika. Ziro aliingia amelowa chapachapa, akamkuta mama yake mzima, akalia mbele yao bila ya haya. Maji yalikuwa yanaporomoka kwenye gata. Akawasha taa ya sola.

"Mama, nisamehe," Ziro akasema. "Kesho nafunga mlango."

"Mlango hauna haraka," Hawe akajibu. "Chungulia chini kwanza. Uangalie nguzo alizoziokoa mkeo."