Swali la Abosede kwa Baale

Kila Jumamosi asubuhi Abosede alimsaidia mama yake kukaanga akara, yaani vitumbua vya kunde, mbele ya nyumba. Wateja wakipungua, alinawa mikono, akavaa sare na kukimbilia kituo kidogo cha redio cha mji wao, Odo-Ayan. Huko wanafunzi walikuwa na kipindi chao, wakizungumza na viongozi kuhusu barabara, maji na mambo ya serikali ya jimbo.

"Leo mgeni wenu nani?" mama aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, maana tumbo lilikuwa kubwa na miguu imevimba.

"Baale mwenyewe, mkuu wa mji. Nitamwuliza kwa nini zahanati yetu haina mkunga."

Mama aligeuza akara polepole. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa kando ya barabara, pikipiki ikiwa bado haijafika hospitali ya mbali, na mama aliponea chupuchupu. "Muulize, mwanangu," alisema. "Ila kwa adabu."

Baale Oyegbemi alifika akiwa na joho pana, akawapa mkono watu wote, hata mfagiaji. Abosede alipiga magoti kumsalimu. Mwenzake Kolade akabonyeza kitufe, na kipindi kikaanza. Waliongea kuhusu barabara, kisha Abosede akakaza sauti.

"Baba, zahanati ina vitanda na dawa. Mbona haina mkunga?"

"Serikali ya jimbo imetusahau," alijibu Baale. Kisha akatabasamu. "Kwani wewe si mtoto wa wafua chuma? Wajukuu wa mwanamke aliyelisha jeshi kwa chungu kimoja! Ninyi ambao moto wenu hauzimwi na mvua..."

Mzee akikuimbia sifa za ukoo wako, unapiga magoti na kunyamaza mpaka amalize. Abosede alipiga magoti, moyo ukimjaa raha. Baale alimwimbia babu baada ya babu, mpaka Kolade akaonyesha saa. Muda ulikuwa umekwisha.

"Umekwenda kutafuta mkunga, umerudi na babu zako wote," Kolade alimtania walipotoka.

Nyumbani mama alimwekea akara za moto. "Ulifurahi?"

"Nilifurahi sana, mama, mpaka swali langu likapotea. Ndiyo maana nina hasira."

Jumatatu alimwendea Mwalimu Durojaiye, mlezi wa kipindi chao. "Mwalimu, nataka kumwuliza Baale tena. Lakini sijui kama ni kweli serikali imetusahau."

"Basi tukaulize kwanza," alisema mwalimu.

Alasiri hiyo aliwapeleka Abosede na Kolade kwenye ofisi ya afya ya serikali ya jimbo. Ofisa aliyekuwepo aliwapa viti na maji baridi, akawajibu kama watu wazima. Mkunga yupo, alisema. Aliyetangulia aliondoka kwa sababu chumba alichopewa kilivuja mpaka akaugua. Huyu mpya atakuja siku mji utakapompa nyumba nzuri.

Wakati wa kurudi walipita mbele ya nyumba ya wageni ya mji. Ilikuwa imepakwa rangi, mabati yake mazima, mlango umefungwa kwa kufuli. Abosede alisimama, akaitazama.

Baale alikubali kurudi Jumamosi iliyofuata. Kipindi kilipoanza tu, Abosede alipiga magoti.

"Baba, naomba uniimbie kwanza sifa za ukoo wetu, wasikilizaji wapate kuzisikia vizuri."

Baale alifurahi, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Abosede alisikiliza yote, ameinamisha kichwa. Alipomaliza, alimpa maji.

"Asante, Baba. Sifa nimeshiba. Sasa naomba jibu. Ofisi ya afya inasema mkunga anangoja nyumba. Mbona asikae kwenye nyumba ya wageni?"

Kolade alibana kicheko, kisha akaona uso wa Baale, akainamia mitambo yake.

"Ile tunawawekea wakubwa wa chama," Baale alisema. "Wakija kwenye kampeni wakakosa pa kulala, hawatatutengenezea barabara yetu."

"Wanakuja lini, Baba?"

"Uchaguzi ukikaribia."

Abosede hakuacha. "Mama yangu anakaribia kujifungua, Baba. Mtoto wake hatangoja uchaguzi."

Baale alivua kofia, akaiweka magotini. Kisha akasogea karibu na kipaza sauti.

"Watu wa Odo-Ayan, mmemsikia binti yenu. Wakubwa wakija watalala nyumbani kwangu. Mimi nitalala hata mkekani. Funguo za nyumba ya wageni ni za mkunga kuanzia leo."

Mkunga alihamia kabla ya wiki kwisha, na wanawake wa jirani wakambebea maji. Mama yake Abosede alijifungulia zahanati mtoto wa kike, salama salimini.

Siku ya kumpa mtoto jina, Baale alikuja na viazi vikuu na mafuta ya mawese. Akamwita Abosede na wenzake wa kipindi.

"Siku zote nilidhani mtoto mwenye adabu ni yule anayenyamaza," aliwaambia. "Abosede alinipigia magoti, na bado akaniuliza. Tena aliutafuta ukweli kwanza, hakuja na uvumi wa sokoni. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Mkubwa asiyeulizwa husahau anamfanyia nani kazi, na mimi nilikuwa nimeanza kusahau."