Fundi Aliyegeuza Mgongo

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilipoingia Tabora asubuhi ile, stesheni ilifurika. Magunia, madebe, wauza karanga, watu wakiitana kwa majina. Katikati ya purukushani hiyo alisimama Anifa, katibu wa kikundi cha akina mama warina asali wa Chemchem, kavaa baibui la zambarau na mtandio wa maua madogo. Macho yake hayakubanduka kwenye boksi moja tu. Ndani yake mlikuwa na laptop aliyotumiwa na kaka yake, ya kwanza maishani mwake, na mzee mchukuzi alikuwa amelibeba begani kichwa chini miguu juu.

"Shikamoo mzee," sauti ya kiume ilisema nyuma yake. "Huyo abiria wako atatapika."

"Marahaba. Abiria gani?"

"Huyo wa begani. Tazama mshale, unaelekea chini."

Anifa aliangua kicheko kabla hata hajamwona msemaji. Alipogeuka alimkuta mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati la drafti limenyooshwa vizuri, na mfukoni bisibisi mbili, pale ambapo wenzake huweka kalamu. Aliitwa Uwesu, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, naye alifuata mzigo wake wa vipuri.

"Wewe ni wakili wa maboksi?" Anifa alimuuliza.

"Daktari wao. Na huyu wako naona ni mtoto mchanga. Unajua kumlea?"

Neno mtoto lilimchoma Anifa kidogo, na sababu aliijua mwenyewe. Akatabasamu hivyo hivyo, akasema hajui, na saa moja baadaye alikuwa amekaa kwenye stuli kibandani kwa Uwesu.

Uwesu hakuwa na papara. Kwanza aliiacha laptop ijae chaji, na wakati wanasubiri akamwonyesha viungo vyake: hiki kioo, hii kibodi, na kibao hiki laini ndicho kinachoendesha mshale. Alipoiwasha, mashine ikaanza maswali yake. Lugha gani? Nchi gani? Mtumiaji anaitwa nani?

"Sasa inataka akaunti. Una barua pepe?"

"Ya nini? Si nina simu?"

Uwesu alijikuna kichwa. Mtandao siku hiyo ulikuwa unakokota miguu, na kumfungulia akaunti mpya kungewakalisha hadi mchana. "Basi naweka ya kwangu kwa muda. Tutabadilisha."

Anifa aliitikia kwa kichwa kama mgonjwa anavyomwitikia daktari. Hakuelewa kitu, na fundi hakufafanua. Mafundi wengi hufanya hivyo kila siku, na wateja huenda zao wakishukuru.

"Lililobaki ni neno la siri," Uwesu alisema. "Hili ni lako peke yako. Hata mimi sitaki kulijua."

Akainuka, akageukia ukutani, akasimama anatazama kalenda ya mwaka juzi mpaka Anifa aliposema, "Tayari."

Niseme ukweli, hapo ndipo moyo wa Anifa ulipoteleza. Wanaume waliosifia macho yake walikuwa wengi. Aliyempa mgongo ili yeye awe na siri yake, huyo alikuwa wa kwanza.

Simu zikaanza.

"Haloo fundi, mshale umepotea."

"Haujapotea, umejificha. Papasa kile kibao taratibu, kama unampapasa paka."

"Paka wangu anang'ata."

"Nije nimtulize?"

"Njoo na sababu nyingine, hiyo imezeeka!"

Siku umeme ulipokatika, betri nayo ikiwa tupu, Anifa alipiga akiwa karibu kulia. Ripoti yote ya kikundi ilikuwa imetoweka.

"Ulihifadhi?" Uwesu aliuliza.

"Niliandika!"

"Kuandika si kuhifadhi, laazizi. Unapoandika, maneno yapo mezani tu. Umeme ukienda, meza inafagiwa. Kuhifadhi ni kuyatia stoo."

Anifa aliibandika simu vizuri sikioni.

"Umeniitaje?"

"Nimesema stoo."

"Kabla ya stoo, Uwesu."

"Laazizi," alisema fundi, safari hii polepole, na ripoti ikasahaulika.

Miezi minne wakawa hivyo. Kisha ikaja barua ya posa kutoka kwa mwenye duka mmoja wa Kaliua aitwaye Sabiri. Bi Kuluthumu, shangazi aliyemlea Anifa, alitaka jibu kabla ya Ijumaa. Anifa aliona haya kulisema kwa mdomo, akafungua laptop akamwandikia:

"Shangazi, huyu wa Kaliua simtaki. Moyo wangu uko kwa fundi Uwesu. Anajua niliolewa Usoke nikaachwa, ila hajui kwamba niliachwa kwa kutozaa. Wewe pekee ndiye unayejua, na yule aliyeniacha na ndugu zake. Nataka nimwambie mwenyewe, ila naogopa atakavyonitazama."

Akaihifadhi kama alivyofundishwa, kwenye folda aliyoipa jina Yangu. Mwishowe hakumpa shangazi barua ile. Alipiga moyo konde akasema kwa mdomo, "Simtaki," na yule wa Kaliua akajibiwa kwa adabu.

Wiki mbili baadaye Uwesu alimwalika chai kwenye hoteli moja kando ya barabara ya Kwihara. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, naye Anifa alijipamba kwa kanga mpya ya manjano, maana alihisi kuna neno. Na kweli lilikuwepo.

"Anifa, nataka kumtuma mshenga kwa Bi Kuluthumu. Na usiwe na wasiwasi, kipenzi. Watoto ni majaliwa ya Mungu. Wasipokuja, tutazeeka wawili."

Furaha ilianza kumpanda Anifa, ikakwama njiani. Akaweka kikombe mezani.

"Nani kakuambia habari ya watoto?"

Uwesu angeweza kudanganya; uongo ulikuwa karibu. Badala yake alitoa simu mfukoni akaiweka mezani. Kwenye kioo palikuwa na folda iitwayo Yangu.

"Siku ile niliweka akaunti yangu kwenye mashine yako," alisema. "Kila unachohifadhi, nakala inakuja huku. Nilisahau kubadilisha."

"Ulisahau kubadilisha. Na kusoma, ulisahau kuacha?"

"Nilifungua nikidhani ni faili langu. Nikaona jina langu. Nikaendelea."

"Lini?"

"Siku ile ile uliyoandika."

"Wiki mbili! Wiki mbili unanitazama usoni na umeshanisoma!" Akainuka kitini. "Ulinigeuzia mgongo pale kibandani, nikakuamini. Kumbe jicho uliliacha ndani."

Akaondoka, chai yake ikabaki inapoa.

Laptop aliifunga kwenye kanga akaipandisha juu ya kabati, ripoti akarudi kuziandika kwa kalamu. Simu za Uwesu hakuzipokea. Usiombe kuaibika mbele ya unayempenda. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku ya nne ukaja ujumbe mmoja mrefu kutoka kwake. Ulieleza hatua kwa hatua jinsi ya kuondoa akaunti yake: fungua mipangilio, nenda kwenye akaunti, ondoa, zima, washa. Mwisho aliandika: "Nakala zilizokuja kwangu nimezifuta. Fundi yeyote anaweza kukufanyia hili, si lazima mimi. Nilikukosea."

Anifa alimsomea shangazi yake. Bi Kuluthumu alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Yule wa Usoke aliijua siri yako, akafanya nini?"

"Akaniacha."

"Na huyu?"

"Akataka kutuma mshenga." Anifa alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Lakini shangazi, mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia."

"Basi nenda ukamwambie."

"Si anajua?"

"Anajua alichokiiba. Cha kupewa na wewe bado hajakipata."

Jumamosi asubuhi Anifa aliingia kibandani na laptop yake bado imo kwenye kanga. Uwesu aliinuka ghafla, bisibisi ikamdondoka.

"Nataka ianze upya," Anifa alisema bila salamu. "Kama siku ilipotoka kwenye boksi."

"Kila kitu kitafutika. Ripoti, picha, barua."

"Ripoti nimezihamishia kwenye flashi. Vingine na vifutike."

Kazi ilichukua muda mrefu. Mashine ikauliza tena lugha, nchi, jina. Ilipodai akaunti, Uwesu alimfungulia Anifa barua pepe ya jina lake Anifa, akimweleza kila neno kabla hajaligusa, na mtandao ulipokokota miguu wakausubiri.

"Limebaki neno la siri," alisema kwa sauti ndogo. Akageukia ukutani.

Anifa akaandika. Uwesu alingoja kusikia tayari, hakusikia.

"Usigeuke," Anifa alisema. "Kuna jambo langu hujalisikia bado."

Mabega ya fundi yalitulia. Akaelewa.

"Sijalisikia," alijibu.

Anifa akamsimulia yote. Miaka mitatu ya Usoke, dawa alizonyweshwa, wifi zake waliokuwa wakihesabu miezi kwa sauti apate kusikia, na asubuhi aliyopandishwa treni na sanduku lake. Alilia kidogo, akaendelea. Alimaliza kwa kusema alichoshindwa kusema miezi minne: kwamba anampenda, na kwamba anaogopa.

"Haya. Geuka."

Uwesu aligeuka, na macho yake yalikuwa yamelowa. Hakurudia ile hotuba yake ya kwenye chai.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Mshenga nimtume lini?"

"Ijumaa, baada ya swala." Anifa akaifunga laptop yake taratibu. "Na barua ya posa usiipige kwenye mashine, Uwesu. Iandike kwa kalamu. Hiyo nataka shangazi awe wa kwanza kuisoma."