Hodi Kutoka Spika ya Kushoto

Fausta alikuwa amepiga magoti chini ya meza, kamba mkononi, akipima, aliposikia mtu anabisha hodi.

"Karibu, pita tu," alijibu bila kuinua kichwa.

Hakuna aliyepita. Alisubiri asikie ndala zikivuliwa mlangoni, kiti cha wageni kikivutwa, salamu. Kimya. Alipotoka chini ya meza na vumbi magotini, pazia la mlangoni lilikuwa limetulia tuli. Nje, kwenye barabara ya Makanyagio, jua la saa nane lilikuwa limefukuza watu wote isipokuwa bodaboda mmoja aliyelala juu ya pikipiki yake.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga yeye na mumewe Deo. Humo alihariri video za harusi, za kipaimara na za misiba, zilizopigwa na shemeji yake Silvester, mdogo wake Deo. Kwa miaka minne alikuwa akisikilizia hedifoni zilizochoka, mpaka familia moja ilipomrudishia video ya ndoa ya binti yao. Kwenye televisheni yao kubwa maneno ya kiapo yalikuwa yamemezwa na mvumo wa jenereta, mvumo ambao Fausta hakuwahi kuusikia kwenye hedifoni zake. Aliona aibu hadi akakosa usingizi. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya parokia, na watu walisema hakuna Mpanda nzima mwenye sikio kama lake.

Ndiyo maana siku hiyo alikuwa anafunga spika mbili za studio, nyeusi, kila moja kubwa kama ndoo ndogo. Alifanya kama alivyojifunza. Kila spika aliiweka juu ya tofali, na kati ya tofali na spika kipande cha godoro ili meza isitetemeke. Ukutani alitundika mablanketi na trei za mayai kuua mwangwi. Kisha kamba: kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kwenye kiti chake, urefu uwe ule ule. Ukipatia, sauti inayotoka sawasawa pande zote mbili husimama katikati, mbele ya uso wako, mahali pasipo na kitu.

Kwa majaribio alikuwa amefungulia rekodi ya Silvester ya Sitalike, saa nzima ya sauti za porini. Silvester alikuwa ameiacha rekoda ijirekodie peke yake kando ya mto unaokauka, karibu na mahame ya kijiji kilichohama zamani, viboko wakiwa wamebanana kwenye tope lililobaki.

Fausta alikaa kitini, akairudisha rekodi nyuma kidogo. Ndege. Kiboko mmoja akikoroma. Halafu, kwenye spika ya kushoto, mbali na kwa upole:

"Hodi."

Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa kama pumzi iliyofundishwa neno moja. Hodi ya pili ilisimama katikati, mbele ya uso wake. Ya tatu haikutoka kwenye spika yoyote. Ilitoka nyuma ya kisogo chake, na ilikuja na harufu ya tope bichi.

Aligeuka. Blanketi lilikuwa ukutani, limetulia.

Silvester alipokuja saa kumi na moja, Fausta alimweleza huku akijaribu kucheka.

"Shemeji, pale hapakuwa na mtu," Silvester alisema. "Kile kitu nimekisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Viboko tu."

"Basi kaa hapa usikilize mwenyewe."

Alikaa. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Silvester akakunja uso. Kisha, mahali ambapo mchana palikuwa na viboko tu, Fausta alisikia sauti yake mwenyewe ndani ya rekodi, waziwazi, akisema, "Karibu, pita tu."

Wakatazamana.

"Uliirekodi hiyo?" Silvester alinong'ona.

"Hakuna hata maiki iliyochomekwa humu."

Na spika zikajibu, kwa sauti ya Silvester mwenyewe, ile ile yenye mkwaruzo wa sigara: "Asante, shemeji. Nimeshaingia."

Silvester aliruka kutoka kwenye kiti. Kinywa chake kilifunguka, shingo ikamsimama mishipa kama ya mtu anayepiga kelele kwa nguvu zake zote, lakini hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Alijishika koo. Machozi yakaanza kumtoka.

Hospitali walimmulika kooni na kusema koo halina kidonda wala uvimbe, apumzike. Fausta alichomoa kila waya studioni, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Deo, aliyekuwa shambani Kabungu akivuna mahindi, alimwambia kwenye simu kwamba ni mafua makali tu, yatapita. Fausta alitamani kumwamini.

Siku ya tatu, mchana, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, Fausta alikuwa uani akipepeta mchele. Binti yao Mercy, wa darasa la kwanza, alikuwa ametoka shule, anacheza kwenye korido na kizibo cha chupa. Fausta alisikia kwa mbali, kama mtu anavyosikia redio ya jirani, sauti ya Silvester ikisema, "Mercy, njoo basi unisalimie." Mkono wake uliendelea kupepeta mara mbili, mara tatu, kabla akili haijakumbuka kwamba Silvester hana sauti. Ungo ukaanguka, mchele ukamwagika, naye akakimbia huku akijua kabla ya kufika kile atakachokikuta, kwa sababu alikuwa amemlea mtoto huyo vizuri, alikuwa amemfundisha kwamba mkubwa akikuita unaitika, na akiwa bado mlangoni alimsikia akiitika kwa adabu zote:

"Shikamoo, baba mdogo."

Mercy alikuwa amesimama mbele ya mlango wa studio uliofungwa, uso kwenye mbao. Kufuli lilikuwa palepale. Aligeuka kumtazama mama yake, midomo ikicheza, mama, mama, mama, bila sauti. Na nyuma ya mlango, ndani ya chumba kisicho na umeme, sauti ya mtoto ilikuwa inacheka.

Deo alifika jioni ile ile na pikipiki, mavumbi mwili mzima. Alimbeba Mercy, akamweka kifuani, akasogea naye hadi karibu na mlango wa studio.

"Anaongea humo ndani?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Anaomba maji. Anasema, mama, naomba maji."

"Na wewe umejibu?"

"Sijajibu. Baba Mercy, nitaweza mpaka lini?"

Asubuhi Deo alikwenda Katumba, kwenye makazi ya Warundi, akarudi na Bibi Médiatrice, mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijani, ambaye watu wa huko humwita pale hospitali zinaposhindwa na padri akiwa ameshasali. Bibi hakubisha hodi. Alisimama uani, akamwita Fausta kwa mkono, akamsikiliza yote bila kumkatiza.

"Nyie mlimfuata kwake na mashine," alisema baadaye, taratibu. "Mkachukua sauti ya mahali pake. Yeye yake hana, anatumia za watu. Akawafuata, akabisha kama mtu mwenye adabu. Nani alimwambia apite?"

"Ni mimi."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu, bibi."

Médiatrice alishusha pumzi. "Mwana wanje, mwanangu, angevunja mlango ningemfukuza. Huyu umemkaribisha mwenyewe. Nina dawa ya kumuaga tu."

"Anaagwaje?" Deo aliuliza.

"Kama mgeni mwingine. Anafungashiwa kitu, anasindikizwa. Na mgeni huyu mnajua anachokipenda." Hakumtazama Deo aliposema hivyo. Alimtazama Fausta. "Mwenye kukaribisha ndiye anayefungasha."

"Hapana," Deo alisema. "Tutafute njia nyingine."

Fausta alikuwa ameshafungua pindo la kitenge na kutoa ufunguo.

Waliingia saa sita mchana, yeye na Médiatrice, kwa sababu bibi alisema kitu cha namna hiyo huchoka jua likiwa utosini. Masharti yalikuwa mawili. Asijibu chochote atakachoitwa nacho. Na neno la kuaga aliseme mara moja tu, kisha aache kinachochukuliwa kichukuliwe. Chumba kilinuka tope la viboko, zito, lenye majani yaliyooza, kana kwamba mto ule wa Sitalike ulikuwa unapita chini ya sakafu. Médiatrice alichoma ubani kwenye kigae, akasimama kwenye kona bila kufungua mdomo. Fausta akakaa kwenye kiti chake, katikati ya spika mbili zisizo na waya.

"Mama," ilisema spika ya kushoto. "Naomba maji."

Aliuma meno.

"Shemeji, mbona hunijibu?" ilisema ya kulia. "Nimekukosea nini?"

Kisha zikaongea pamoja, na kwa kuwa alikuwa amezipima vizuri kwa kamba yake, sauti ya Mercy ilikuja ikasimama katikati, mbele ya uso wake kabisa, mahali pasipo na kitu, karibu kiasi kwamba alihisi pumzi ya mtoto kwenye midomo yake, ikilia sasa, ikisema mama kuna giza, mama mbona umenifungia, mama nimefanya nini, na nyuma yake mablanketi ya ukutani yakaanza kuvutwa ndani na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa, taratibu, kama kifua cha mnyama mkubwa aliyelala, na trei za mayai zikadondoka moja baada ya nyingine, na Fausta akajua kwamba akingoja pumzi moja zaidi atajibu, atasema nipo mwanangu, na hapo itakuwa basi.

"Mgeni," alisema, "umekaa vya kutosha. Hizo zirudishe. Chukua hii yangu, uende kwa amani."

Mablanketi yakasimama.

Akaimba. Aliimba wimbo aliokuwa akimbembelezea Mercy, wa maneno yake mwenyewe, aliimba kwa sauti ile iliyokuwa ikianzisha nyimbo za misa, na kila mstari ulitoka mwembamba kuliko uliotangulia, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo, na spika zikauokota, zikauimba pamoja naye, kisha mbele yake, kisha zikauimba zenyewe, na yeye akiwa amekaa pale kinywa wazi akisikiliza jinsi sauti yake ilivyokuwa nzuri.

Uani Mercy alipiga ukelele: "Mama!"

Fausta alitoka mbio, akamkumbatia, akafungua kinywa kumwitika. Deo aliyekuwa nyuma yao aliona uso wake, akaelewa, akakaa chini kwenye mchanga.

Jioni Silvester alipiga simu, analia na kucheka, sauti yake imerudi. Deo na Médiatrice walizifunga spika kwenye shuka jeupe, wakazipeleka Kabungu, wakazizika mpakani mwa shamba, kina cha kiuno cha mtu mzima. Bibi alimwambia Deo neno moja kuhusu mgeni yule kabla ya kuagana: "Usimfuate."

Wiki mbili zikapita. Fausta alijifunza kuandika kwenye kidaftari alichokining'iniza shingoni. Harufu ikaisha, mablanketi yakafuliwa, Mercy akarudi shule. Deo ndiye aliyekuwa hatulii. Usiku alimshika mkewe mkono na kumwomba ajaribu tena, hata neno moja. Ilipofika Jumatatu alirudi shambani kumalizia mavuno.

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, simu iliita. Fausta alikuwa peke yake nyumbani. Alipokea, akaiweka sikioni, akagonga kioo kwa ukucha kumjulisha Deo kwamba yupo.

"Mama Mercy!" Deo alikuwa anahema, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa siku nyingi. "Haijapotea. Nimeisikia, haki ya Mungu, iko hapa hapa chini. Inaniita tangu alfajiri. Nimeweka simu spika ili usikie mwenyewe, mimi nachimba. Nakutolea, mke wangu. Leo leo utaongea."

Jembe likapiga udongo. Likapiga tena.

Na kutoka mbali, chini, kama kutoka ndani ya mtungi, Fausta alisikia sauti yake mwenyewe, tamu, ya kubembeleza: "Hapo hapo, baba Mercy. Umekaribia."

Aliigonga simu kwa kucha, kwa ngumi, akaipiga ukutani. Akakimbilia barabarani, kinywa wazi, akimnyooshea simu mtu wa kwanza aliyemwona, mwanamke mwenye beseni la dagaa kichwani, ambaye alirudi nyuma kwa hofu. Akaiweka tena sikioni.

"Deo," sauti yake ilikuwa inasema, karibu sasa. "Unanisikia?"

"Nakusi..." alisema Deo.

Jembe lilianguka. Kilichofuata kilikuwa upepo kwenye mabua ya mahindi, na mtu akikanyaga udongo ovyo, akipumua kwa nguvu, asiyeweza kupiga kelele. Kisha wawili wakaanza kuongea, mwanamke na mwanamume, polepole, bila haraka yoyote, kama mke na mume wanavyopanga mambo ya nyumbani kwao.

"Mercy anatoka shule saa ngapi?" aliuliza Fausta wa kwenye simu.

"Saa sita," ilijibu sauti ya Deo. "Tukiondoka sasa hivi tutamwahi."