Faini Ndani ya Koti la Marehemu

Mimi siogopi kitu chini ya jua. Majirani wote wanalijua hilo. Panya tusimhesabu, na radi, na lile koti la marehemu mume wangu. Hayo matatu tuyaache.

Koti lilining'inia kwenye msumari dukani kwetu, kati ya mizani na mlango wa tanuri. Sisi tunauza mikate. Mwanangu ndiye mwokaji, mkewe ndiye muuzaji. Mimi nafunga mikate kwenye karatasi na kupiga soga na wateja. Hiyo kazi ya pili naiweza zaidi.

Mume wangu alipofariki, barua zake hazikufariki. Kila baada ya muda tulikuta bahasha sakafuni, imepenyezwa chini ya mlango kabla hatujafungua duka. Juu yake jina la marehemu, majina yote matatu. Aliyeileta hatukumwona hata siku moja.

"Ifungue," mkwe wangu alimwambia mumewe.

"Barua ya aliye kaburini haifunguliwi na aliye hai. Mwenyewe ana koti lake."

Akaitia mfukoni mwa koti. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikaafiki.

Ikaja ya pili, ya tatu, ya saba. Koti likaota kitambi. Kilekile cha marehemu! Joto la tanuri likipuliza, mikono yake iliinuka kidogo, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema. Mteja mmoja aliingia kutoka juani, akaliamkia.

"Shikamoo, mzee." Akasubiri. "Mbona haitikii?"

Tulicheka, lakini kila mmoja alikuwa anautazama mlango.

Siku moja adhuhuri akaja afisa wa vipimo, mama mwembamba mwenye mkoba. Alisimama mlangoni akaita jina la marehemu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Akaita tena. Vumbi la unga lilielea hewani, halitui. Alipoita mara ya tatu, msumari ulilia kwiii! Koti likaanguka kwa kishindo cha mtu mzima. Bahasha zikamwagika hadi miguuni pake.

Mkwe akapiga yowe. Mimi nilikuwa chini ya meza, natafuta uzi.

"Mume wangu alifariki mwaka juzi," nilisema kutoka hukohuko chini.

Afisa akaokota bahasha, akaitazama. "Poleni sana. Lakini kwenye vitabu vyetu bado yu hai, na anazidi kukosa. Nawapa siku kumi na nne. Msipojibu, naufunga mlango huu kwa kufuli la serikali."

Alipoondoka, mwanangu alikaa juu ya gunia. Tanuri hili ndilo limetulea sote. Likizimwa, hatuna jingine.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa amelisikia yowe. Yeye aliwahi kupigwa faini nyingi mpaka akajifunza. Aliingia, akaliinua koti.

"Limechoka kubeba. Lete kisu tuzifungue."

"Fundi, atakasirika," nikanong'ona.

"Ameshakasirika, mama. Ulidhani kajitupa kwa furaha?"

Tukafungua bahasha kumi na moja, tukazipanga kwa tarehe. Fundi akachora mistari kwenye daftari.

"Kwa kila barua, andikeni imetoka ofisi gani, kosa ni nini, limesababishwa na nini, siku ya mwisho ya kujibu ni lini, na nani atashughulikia. Jina la mtu mmoja tu. Kazi ya wote haina mwenyewe."

Mkwe akashika mdomo. "Mbili wala si faini! Zinatukumbusha kupeleka mizani ikakaguliwe."

"Na saba zimezaliwa kwa kuzipuuza hizo mbili," fundi akasema. "Mbili za mwisho zinahusu vyeti vya afya vilivyoisha muda. Sasa sikilizeni. Faini ni moshi. Usipigane na moshi, tafuta kinachoungua."

"Kinachoungua ni nini?" mwanangu akauliza.

"Leseni bado ina jina la baba yako. Wewe unaoka, yeye ndiye anayeonywa."

Nywele zikanisimama, hizi chache zilizobaki.

Kesho yake mwanangu alipeleka cheti cha kifo ofisi ya leseni, akaandikisha duka kwa jina lake. Mkwe alipeleka mizani, ikapigwa muhuri. Tukapimwa afya upya. Fundi akatusaidia kuandika barua ya kukiri kosa, kueleza kilichotokea, na kuomba nyongeza za kuchelewa zipunguzwe. Walipunguza baadhi, si zote; zilizobaki tukalipa. Siku ya kumi na tatu afisa alikagua duka, akaondoka bila kumwita mtu.

Sasa tuna kalenda ukutani. Kila kibali kimewekewa alama mwezi mmoja kabla hakijaisha. Kila Jumatatu tunakagua vibali na vifaa, hata kizima moto, na mhusika anatia tiki. Mwaka mzima umepita bila faini. Koti tulilifua, limekonda. Lakini mpaka leo siligeuzii mgongo.

Jumatatu iliyopita nilimwona mwanangu anatia tiki mbiombio.

"Kizima moto umekiangalia?"

"Sasa hivi, mama. Nimekishika kwa mkono huu. Mshale wa kipimo chake uko kwenye kijani."

"Kiko wapi?"

"Si palepale, nyuma ya mlango wa tanuri!"

Nikaondoa gunia tupu nililojifunika mapajani. Kizima moto kilikuwa kimelala hapo. Nilikuwa nacho tangu alfajiri.

"Mama..."

"Naam, mwanangu. Hebu nionyeshe tena huo mkono."