Gauni na Sauti ya Polepole

Kila asubuhi binti alifungua karakana ya ushonaji kwa mpango uleule. Aliwasha taa, akaipapasa cherehani ya baba yake kama anayesalimia mtu, kisha akaiambia tableti ya ukutani, "Habari za asubuhi. Leo tuna nini?"

Mikono ya fundi haikosi kitambaa. Ndiyo maana msaidizi wa akili bandia aliyekuwa ndani ya tableti ile walizungumza naye kwa mdomo tu.

Leo alijibu kwa sauti kubwa, neno mojamoja, kama anayemsemesha mtu aliye mbali. "Leo... gauni la maonyesho... linaondoka... kabla ya adhuhuri."

Binti akageuka kulitazama. Sanamu la kuvalishia nguo lilikuwa tupu.

Inspekta wa polisi aliyefika baada ya binti kupiga simu alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Kituoni walimwita Mama Taratibu. Alichuchumaa mlangoni akakagua kitasa. Hakikuvunjwa. Madirisha yote yalikuwa yamekomewa kwa ndani.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, baba, na huyu Pasi, fundi wetu wa kunyoosha nguo."

"Gauni ni la mteja?"

"Ni langu," binti alisema, macho chini. "La kwanza kulibuni mwenyewe, kuanzia mchoro hadi kifungo cha mwisho. Lisipoondoka kabla ya adhuhuri, nafasi yetu kwenye maonyesho wanapewa wengine."

"Lingeonyeshwa kwa jina lako?"

"Kwa jina la baba. Kila nguo inayotoka hapa ina lebo yake. Ndivyo ilivyokuwa tangu sijazaliwa."

Konstebo aliingia mbio, simu mkononi. "Afande, kesi imekwisha! Nimeiuliza akili bandia nani kaiba gauni. Inasema ni Pasi, kwa kuwa ndiye aliyetoka mwisho."

"Mimi?" Pasi alilishika tumbo lake kubwa. "Gauni lenyewe haliniingii hata mkono mmoja!"

"Iliona alama za vidole?" Inspekta aliuliza.

"Hapana, afande."

"Ilikuwepo hapa?"

"Hapana."

"Basi umemuuliza mpita njia, naye akaona haya kusema hajui. Mkasi ni wa kukatia, konstebo, usiupigilie misumari. Piga picha uzi ule pale chini ya meza, uiulize ni uzi gani. Hilo inaliweza. Kisha jibu lake mwonyeshe fundi alithibitishe."

Konstebo alipiga picha. "Inasema huenda ni hariri ya kutarizia."

Binti aliuinua uzi, akauvuta kidogo. "Ni kweli. Lakini gauni langu halina tarizi hata moja."

"Nani hapa anatarizi?"

"Baba pekee. Ila ameacha siku nyingi. Anasema vidole vimechoka."

Baba alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake, utepe wa kupimia shingoni. Watu walimwita Mzee Pima, kwa sababu zamani aliweza kukupima kwa jicho ukiwa ng'ambo ya barabara, na suruali ikakukaa sawasawa.

Inspekta aliisogelea tableti. Mazungumzo ya jana yalikuwa yamefutwa yote.

"Mjanja huyo," konstebo alinong'ona.

"Ngoja." Alifungua mipangilio. Sauti: ya polepole. Maandishi: makubwa kabisa. Kamera: imewashwa, ieleze kwa sauti kila inachokiona. "Nani kaipanga hivi?"

"Si mimi," binti alisema. "Hata asubuhi ilinishangaza."

"Mimi naiambia iharakishe, inanichelewesha," alisema Pasi. "Tena hapa ukitumia mashine ya mwenzio, unairudisha ulivyoikuta. Sheria ya mzee hiyo."

Inspekta akaitikia kwa kichwa. "Aliyefuta mazungumzo alificha alichokisema. Akasahau kuficha alichokihitaji."

Alivuta kigoda, akaketi mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Naomba unisomee kadi yangu."

Mzee aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena. "Miwani nimeisahau nyumbani."

"Umeivaa, baba," binti alisema polepole.

Pasi alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Jana jioni, mzee, nani alikuwa anakuelekeza sindano?"

Baba alinyoosha kidole kuelekea tableti.

"Ilikuwa inaniambia, kushoto kidogo, sasa juu," alisema. "Nilitaka nimalize, nilirudishe kwenye sanamu kabla binti yangu hajafika. Lakini herufi zimepinda. Nikaona haya, nikalificha. Cherehani naijua kila kifundo chake. Tableti ile niliiambia ifute mazungumzo, lakini mipangilio sikujua inarudishwaje."

Alisimama akafungua kabati la vitambaa vya marehemu mke wake, kabati ambalo hakuna aliyeligusa. Gauni lilikuwa ndani, limekunjwa kwa heshima. Shingoni lebo ya zamani ilikuwa imefumuliwa. Mahali pake, kwa uzi wa hariri wa rangi ya dhahabu, palitariziwa jina la binti. Herufi ziliyumba kama watoto wanaojifunza kutembea.

Binti alilipapasa jina lake. "Kwa nini hukuniambia macho yamekwisha?"

"Ungedhani nakuachia jina kwa sababu sina budi." Alivua miwani yake. "Sikukuachia kwa sababu ya macho. Nilikuachia kwa sababu..."

Akaanza kuuviringisha utepe wake.

"Malizia, mzee wangu," Inspekta alisema kwa upole. "Jalada langu halifungwi kwa nusu ya maelezo."

"Yafumue hayo maandishi, mwanangu," baba alisema haraka. "Yashone upya, yanyooke. Muda bado upo."

"Hayafumuliwi." Binti alilivalisha sanamu lile gauni, akaigeuza shingo ili jina lionekane. "Lakini hujamjibu afande."

Mzee Pima alilisogelea gauni. Hakulitazama. Alilipima kwa viganja, bega hadi bega, kiuno, pindo, taratibu, kama alivyokuwa akipima nguo zake mwenyewe zamani. Kisha akaacha mikono ishuke.

"Kwa sababu umenizidi," alisema, kwa sauti ambayo hata Pasi pale mlangoni aliisikia. "Umenizidi, mwanangu, nami najivunia wewe."